Matulo, Khocha na Rivolva ya Shabaha

Kwetu Bungoma, khocha akikuita, unaenda. Ndugu wa mama yako hana haja ya kueleza mengi. Ndiye aliyeketi mbele mahari ya dada yake ilipozungumzwa, na ndiye atakayeulizwa ukikosa adabu. Kwa hiyo alipopiga simu kutoka Matulo akasema anataka kununua “bastola ya kulenga shabaha, ile ya silinda, iwe laini na isiwe ya kukosea,” nilijua kwamba kati ya kutaka na kununua kuna safari ndefu katika sheria za Kenya, lakini nilijua pia kwamba nitaenda.

“Wewe ndiye unajua hizo vitu,” alisema. “Kuja tuongee. Anti yako atapika.”

Najua kiasi. Mimi ni mmoja wa Wakenya wenye cheti cha silaha wanaokwenda Kirigiti, Kiambu, siku za wikendi kutoboa karatasi. Wengi pale huja na Glock au Ceska, bastola za magazini, maana ndizo zinazouzwa zaidi na ndizo zinazofaa mashindano ya mbio. Rivolva huonekana mara mojamoja, na ikitolewa kwenye mkoba wake watu husogea kuitazama kama Peugeot 504 iliyotunzwa vizuri. Mwenye nayo hupiga taratibu, hupakia taratibu, na mara nyingi mwisho wa siku karatasi yake ndiyo inayotamanisha.

Nilianzia Kitale, ambako nilikuwa na shughuli nyingine. Ukitaka kujua rivolva iliingiaje upande huu wa nchi, Kitale ni mahali pazuri pa kuanzia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia wanajeshi wa Kiingereza waliomaliza utumishi mashamba katika nyanda hizi za Trans Nzoia, chini ya mpango wa mwaka 1919. Afisa wa Kiingereza wa vita vile alikuwa na Webley kiunoni. Ile ya Mark VI, iliyoanza kutumika 1915, ilipiga risasi nene ya .455, na ulipoikunja katikati ilitema maganda yote sita kwa mpigo. Ilitengenezwa kwa ajili ya matope ya mahandaki, si kwa ajili ya starehe. Triga yake ni nzito na vilengeo vyake vimekazwa palepale, huwezi kuvirekebisha. Lakini ilikuwa kiunoni mwa mwenye shamba, na mtoto wa kibarua aliiona. Hilo nitalirudia, kwa sababu nilikuja kugundua kwamba ndilo lililonitoa Kitale kwenda Matulo.

Barabara ya Kitale kwenda Webuye sasa ni lami nzuri, na matatu huila bila huruma. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Lugulu. Mahindi pande zote, na kadiri unavyoshuka miwa huanza kujitokeza. Upande wa kulia, Mlima Elgon ulikuwa umejifunika mawingu hadi kiunoni. Mama mmoja aliyepandia Kamukuywa na kuku wawili alitaka kujua naenda kwa nani. Nilipomtajia Matulo na khocha akaridhika, akaanza kunieleza bei ya mbolea. Sikumwambia nilichokuwa naenda kuzungumza. Katika sehemu hizi, mtu akitaja bunduki kwenye matatu, mazungumzo ya mbolea hukatika.

Webuye hukukaribisha kwa kiwanda cha karatasi. Harufu ile ya zamani ya Pan Paper haipo kama tulivyoijua tulipokuwa wadogo. Kiwanda kilifungwa 2009, na mwekezaji mwingine akakichukua miaka kadhaa baadaye. Juu ya mji kuna kilima cha Chetambe, nami hupenda kukipanda kila nikipata nafasi. Huko juu ndiko Wabukusu walikojichimbia mwaka 1895, baada ya ngome yao nyingine ya Lumboka kuangushwa. Msafara wa Waingereza chini ya Charles Hobley, aliyekuwa na kituo chake Mumias, ulikuja na askari wa Kisudani na wasaidizi wengi kutoka Buganda na Wanga, pamoja na mzinga wa Hotchkiss na bunduki ya Maxim. Wabukusu walikuwa na mikuki, mishale na bunduki chache. Alama za handaki lililozunguka ngome bado utazionyeshwa na mtu yeyote wa hapo.

Nilisimama pale nikafikiria hesabu isiyopendeza. Maxim hutema kama risasi 600 kwa dakika. Haihitaji mlengaji; inahitaji mtu wa kuishika na mkanda usiokatika. Rivolva ya shabaha ina risasi 6, na mwenye nayo akizipiga zote kwa dakika 5 hana haraka. Vyote viwili huitwa silaha, na sheria huviweka katika kitabu kimoja, lakini kazi zake ni tofauti kabisa. Mimi napenda ile ya pili na siipendi ile ya kwanza, na siombi radhi kwa kuzitofautisha.

Kutoka Webuye nilichukua bodaboda. Kijana alinipitisha karibu na uwanja mdogo wa ndege wa Matulo, uwanja ambao wenyeji huutaja kwa majivuno na kwa kejeli kwa wakati mmoja, kutegemea ni nani aliyeahidi nini mwaka ule. “Madam, ndege hapa ni ya wakubwa,” aliniambia. “Sisi ndege yetu ni hii.” Akapiga honi, mbuzi wakatawanyika.

Khocha alikuwa chini ya mwembe, redio pembeni, shati la mikono mirefu limefungwa hadi shingoni. Amestaafu upolisi muda mrefu. Alianza na Mark 4, bunduki ya Kiingereza ya kuvuta komeo kila risasi, akamalizia na G3. Katika siku zake alikuwa kwenye timu ya shabaha ya kikosi. Ukimtazama akiketi utajua: hatikisiki. Tulisalimiana mulembe, tukaulizana habari za kila jina katika ukoo, chai ikaja, ndipo akasema, “Haya. Nieleze triga.”

Nilifurahi. Watu wengi huanza na jina. Huuliza: Colt au Smith & Wesson? Ruger ni nzuri? Khocha alianza mahali panapostahili, maana rivolva ya shabaha huchaguliwa kwa kidole kabla ya kuchaguliwa kwa jicho.

Niliomba kibuyu cha mafuta cha lita 5, kile cha manjano ambacho kila nyumba inacho, nikakijaza maji. Nikamwambia akining’inize kwenye kidole cha shahada, kwenye kifundo cha kwanza, mkono umenyooka. Lita 5 ni kilo 5. Huo ndio uzito wa kawaida wa triga ya rivolva unapoivuta bila kwanza kurudisha nyundo nyuma: mvuto ule mmoja unazungusha silinda, unainua nyundo, kisha unaiachia. Kisha nikamwaga maji hadi ikabaki kama lita moja na nusu. “Na huu ndio uzito ukivuta nyundo nyuma kwa dole gumba kwanza, halafu triga.” Khocha alikining’iniza tena, akainua nyusi. Alielewa pale pale kwa nini mtu hulenga vizuri zaidi nyundo ikiwa nyuma, na kwa nini wanaojua hufanya mazoezi ya ule uzito wa kwanza. Anayeweza kuvuta kilo 5 bila mtutu kuyumba, kilo moja na nusu kwake ni mchezo.

“Kwa hiyo tafuta iliyo nyepesi,” alisema.

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotezwa na wauzaji. Laini si sawa na nyepesi. Triga laini ni ile ambayo uzito wake haubadiliki njiani: huanza, huendelea, huachia, bila kukwama, bila mchanga ndani yake, bila kupanda ghafla karibu na mwisho. Triga ya kilo 5 iliyo sawa mwanzo hadi mwisho ni bora kuliko ya kilo 4 inayokugongesha ukutani kabla ya kuachia. Colt Python za zamani, zilizoanza 1955 na ambazo watu huzilipia pesa nyingi, zina uzuri wa ajabu wa chuma na mng’aro, lakini uzito wa triga yake hupanda mwishoni kwa sababu ya jinsi springi yake ilivyokunjwa. Wako wanaoupenda mpando huo, maana huwaambia kwamba sasa risasi inakaribia. Mimi siupendi. Kidole kikijua lini mlio utatokea, mkono hujikunyata kabla, na risasi hushuka chini ya shabaha.

Nyepesi ina hatari nyingine. Fundi akikupunguzia springi ya nyundo ili triga iwe kama siagi, nyundo inaweza kukosa nguvu ya kuwasha risasi. Utavuta, utasikia kah! na hakuna kitu. Shida hii ni kubwa zaidi kwa risasi ndogo ya .22, ambayo nyundo huipiga kwenye ukingo wa kitako chake na huhitaji pigo la nguvu. Ndiyo sababu rivolva za .22 kutoka kiwandani mara nyingi huwa na triga nzito kuliko za .38. Mtu hununua .22 akidhani ndogo ni laini, anashangaa.

Anti alipita na sufuria, akaona kibuyu kikining’inia kwenye kidole cha mumewe, akasema, “Mnapima maji ama mnapima wazimu?” akaendelea na safari yake.

Tukaingia kwenye usahihi. Bastola ya magazini ina chemba moja, na mtutu umeshikamana nayo. Rivolva ina chemba 6 katika silinda inayozunguka, na kila moja inapaswa kusimama sawasawa nyuma ya mtutu kabla ya nyundo kuanguka. Risasi hutoka kwenye chemba, huruka pengo dogo la hewa, ndipo huingia mtutuni. Pengo hilo huwa kama sehemu 15 kwa 100 za milimita; huwezi kulitia ukucha. Chemba moja ikisimama upande kidogo, risasi huparuza mdomo wa mtutu ikiingia, na karatasi yako itakuwa na matundu matano yaliyokaribiana na moja limejitenga, kila mara lilelile. Ukiona hivyo usijilaumu. Wekea chemba alama kwa kalamu, piga kila moja peke yake, utajua mkosaji ni mkono au ni chuma.

Nilimwonyesha khocha kwa vidole vyangu: rivolva ikiwa tupu, silinda imefunguliwa na kila chemba imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, unaifunga, unavuta nyundo polepole hadi mwisho. Silinda inapaswa kuwa imeshafunga kabla nyundo haijafika nyuma kabisa. Kisha ukiwa umeishikilia triga nyuma, jaribu kuitikisa silinda. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Ukisikia inacheza kama jino bovu, rudisha dukani. Tazama pia mahali mtutu unapoanzia, kama pameliwa na moto wa baruti au pamejaa risasi iliyoyeyuka. Na usiweke kidole kamwe mbele ya silinda. Kwenye pengo lile hutoka gesi na vipande vya risasi pembeni, na vimeshakata watu.

“Mtutu?” aliuliza.

Inchi 6. Si kwa sababu risasi hupata akili zaidi katika mtutu mrefu. Kwenye mita 25 tofauti ya chuma chenyewe ni ndogo. Ni kwa sababu kilengeo cha mbele na cha nyuma hukaa mbalimbali, na kosa la mkono wako huonekana mapema machoni. Uzito wa mbele pia hutuliza mtikisiko. Rivolva kama Smith & Wesson 686 ya inchi 6, au Ruger GP100 ya urefu uohuo, hukaribia kilo moja na robo. Kwa bastola ya kubeba kiunoni kutwa huo ni mzigo. Kwa bastola ya kusimama nayo uwanjani dakika chache ukiweka chini, ni baraka. Na vilengeo lazima viwe vya kurekebishika kwa bisibisi, juu, chini, kushoto, kulia, kwa sababu kila aina ya risasi hupiga mahali pake.

Hizo mbili nilizozitaja zimetengenezwa kwa risasi ya .357 Magnum, iliyotoka 1935 na ambayo ina kishindo cha kuamsha kijiji. Lakini uzuri wake ni kwamba humeza pia .38 Special, dada yake mkubwa wa mwisho wa karne ya 19, bila taabu yoyote. Magnum haimhusu mlengaji wa karatasi hata kidogo. Anayotaka ni .38 ya mwendo wa taratibu yenye kichwa bapa, ile inayokata duara safi kwenye karatasi badala ya kuirarua, ili hata jicho la mzee lione kama imegusa mstari. Ubaya wake mdogo: ukipiga .38 nyingi katika chemba ndefu za .357, mkaa hujijenga mbele ya ganda kama pete, na siku ukitaka kuingiza risasi ndefu haitaingia. Brashi na dakika 10 kila jioni hutosha.

Mikono yangu ni midogo, na hili nililisisitiza kwa khocha ingawa yake ni ya kupigia matofali. Rivolva kubwa katika mkono mdogo hukulazimisha kuuzungusha mkono ili kidole kifike kwenye triga, na shabaha huondoka upande. Mimi hutumia fremu ndogo kidogo, ile ya ukoo wa Smith & Wesson Model 10 na Model 14, kwa sababu ni nyepesi mkononi. Wengine Kirigiti huniambia 686 ni imara zaidi. Ni imara, ndiyo, lakini ni nzito kwa mkono wangu. Mpini unaweza kubadilishwa, wa mbao au wa mpira, mnene au mwembamba, na pesa kidogo hapo huleta faida kuliko pesa nyingi kwa fundi wa triga.

Jioni, ugali wa wimbi na kuku vikiwa mezani, ndipo khocha alipotoa sababu. Baba yake alikuwa kibarua katika shamba la mzungu nje ya Kitale. Jumapili jioni mzungu yule alikuwa akipanga makopo juu ya nguzo za ua, akiyalenga kwa rivolva. Kazi ya khocha, akiwa mtoto wa miaka saba au minane, ilikuwa kukimbia kuyasimamisha yaliyoanguka. Hakuruhusiwa kuigusa. “Nilikuwa najua ataangusha lipi kabla hajapiga,” alisema. “Nilikuwa naangalia mkono, siyo kopo.” Maisha yake yote ya upolisi alibeba bunduki za serikali, za kazi, na hazikumpa furaha ile. Sasa ana miaka sabini na kitu na anataka kusimama yeye mwenyewe.

Anti alisikiliza akimaliza kuosha vyombo. Kisha akasema lake, na nitaliandika kama lilivyo kwa sababu lina uzito kuliko yangu yote. “Mlio wa bunduki sisi tunaujua. Watu wa Cheptais walilala kwenye hii nyumba. Wewe unaita mchezo.”

Alizungumzia miaka ya 2006 hadi 2008, ugomvi wa mashamba ya Chebyuk kule Mlima Elgon ulipozaa lile kundi lililojiita SLDF, likaua, likakata watu masikio, likatoza kodi vijiji. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha, na hapo pia wanaume wengi walichukuliwa, wengine wakateswa, wengine hawakurudi. Waliokimbia mlimani walishuka hadi Kimilili, Bungoma, Webuye na huku. Hakuna aliyepita katika hayo anayesikia mlio wa risasi akasema ni burudani. Khocha alinyamaza. Nami sikuwa na hoja ya kumshinda, na sikutaka kuwa nayo. Nilisema tu kwamba kwa njia halali haiwezekani mtu kupiga risasi Matulo. Uwanja uko Kiambu, karibu kilomita 400, na kupiga nje ya uwanja unaotambuliwa kunaweza kuwa kosa la jinai na pia ni upumbavu. Nyumbani rivolva itakaa katika sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, risasi mahali pake peke yake. “Na funguo?” anti aliuliza. Khocha akasema funguo atakaa nazo yeye. Anti akasema, “Nitaona.”

Asubuhi tuliketi na karatasi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimpi Mkenya haki ya kuwa na bunduki. Inampa nafasi ya kuomba. Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha inataka kuridhika kwamba una sababu nzuri na kwamba silaha mikononi mwako haitahatarisha usalama wa umma. Hutakuwa na silaha kwanza ndipo utafute cheti. Cheti hutangulia, na hutaja silaha yenyewe, hutaja pia idadi ya risasi unayoruhusiwa kukaa nayo. Tangu Desemba 2018, serikali ilipoamuru wenye silaha wote wakaguliwe upya, karatasi zile za zamani zilianza kubadilishwa kuwa kadi za kielektroniki, na wako walionyang’anywa waliodhani cheti ni cha milele. Kuwa polisi mstaafu hakumvushi khocha foleni. Atapimwa afya ya mwili na akili, ataonyesha cheti cha tabia njema, ataonyesha kwamba anajua kuishika.

Kile kipengele cha idadi ya risasi nilikirudia, kwa sababu kinaamua aina ya mazoezi. Anayesema atajifunza kwa kupiga mamia ya risasi kila wiki hapa kwetu anajidanganya; pesa hazitoshi na cheti hakiruhusu. Mazoezi makubwa ni ya rivolva tupu. Unaikagua mara mbili, unapeleka risasi chumba kingine, unachagua ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu, unaweka sarafu ya shilingi juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele, unavuta triga hadi nyundo ianguke. Sarafu isianguke. Mwanzoni huanguka kila mara. Kwa .38 ya kisasa hii haidhuru chuma; kwa .22 tumia risasi bandia za plastiki, maana kichwa cha nyundo kinaweza kugonga ukingo wa chemba na kuubonyeza. Khocha alilipenda hilo la shilingi kuliko yote niliyosema. Nadhani ni kwa sababu mtu hulifanya nyumbani bila kusafiri hadi Kiambu.

Duara la kumi kwenye shabaha ya kimataifa ya usahihi ya mita 25 lina upana wa milimita 50, karibu upana wa mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa. Rivolva nzuri ya kiwandani, ikiwekwa juu ya mfuko wa mchanga, huweka risasi zake zote 6 ndani ya hapo. Kinachobaki ni mtu. Kwa hiyo sielewi watu wanaotafuta rivolva za bei ya gari, Korth ya Ujerumani au Manurhin MR73 ya Ufaransa, kabla hawajaweza kumaliza kile ambacho GP100 tayari inawapa. MR73 ni chuma cha ajabu, nimewahi kuishika na sikutaka kuirudisha. Lakini vipuri vyake hapa utavitoa wapi?

Basi niliyomwandikia khocha kwenye daftari la anti la hesabu za kuku ni haya, na nayakariri kwa yeyote wa Bungoma, Kitale au kwingine mwenye hamu kama yake. Omba uwe mgeni wa mwenye cheti katika uwanja unaotambuliwa, usimamiwe na mwalimu, ujaribu rivolva za wengine kabla ya kutaja yako kwenye fomu yoyote. Kama mikono yako ni mikubwa, GP100 au 686 ya inchi 6, ukiilisha .38 Special ya kichwa bapa. Kama ni midogo, fremu ya Model 14. Kati ya mbili zinazofanana, chukua ambayo triga yake haibadiliki uzito njiani, hata kama ndiyo nzito, hata kama ndiyo imechubuka rangi. Usipunguziwe springi mwaka wa kwanza. Na mwenzako wa nyumbani akikataa, usijaze fomu.

Anti hajakataa bado, na hajakubali. Amesema khocha aanze na kibuyu.